Jiwe la Maili Tisa

Mzee Vedasto alikuwa jikoni kwa binti yake, katika mji wa Richfield, Minnesota, tangu saa kumi na moja alfajiri, karatasi zake zimetandazwa mezani na miwani mbili kando, moja ya kusomea na nyingine ya kusomea herufi ndogo. Ndege za asubuhi zilikuwa zinapita juu ya paa moja baada ya nyingine, vikombe vinagongana kabatini. Hakuzisikia. Ameishi chini ya ndege hizo miaka kumi na mitatu, na siku zikisimama kwa theluji ndipo hushtuka.

Redempta aliingia saa moja na nusu, viatu vya kazini mkononi, macho mekundu.

"Shikamoo baba. Hukulala tena?"

"Marahaba. Nimelala kinachonitosha. Wamekupa double, zamu mbili?"

"Wagonjwa ishirini na mbili, wauguzi wawili. Usiniulize." Alikaa bila kuvua koti. "Dawa ya macho umeweka?"

"Nimeweka."

"Leo ndiyo siku yenyewe, ee? Ya kupiga kura."

"Ndiyo yenyewe."

Redempta alimtazama kwa huruma ambayo mzee huyu hakuipenda kutoka kwa mtu yeyote, hata kwa mwanawe. "Baba, usinikasirikie. Wiki ijayo watu wa kuhamisha vyombo wanakuja. Tunakohamia, Champlin, ni mbali, hakuna basi la kukuleta huku Jumamosi, na mimi siwezi kuendesha nikitoka shift. Tutakutafutia darasa lingine. Hata la kwenye kompyuta."

"Darasa ni watu," alisema. "Kompyuta ni dirisha tu. Nenda ukalale, mama."

Redempta akaenda kulala. Mzee Vedasto akabaki na karatasi zake, na uchovu ambao haukutokana na kukosa usingizi. Leo ilikuwa Jumamosi yake ya mwisho. Kama ana la kusema, ni leo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kule Ulaya ya kusini kuna mji mkubwa ambao zamani ulikuwa wa Warumi. Nje ya mji huo, kando ya barabara yao kuu, Warumi walikuwa na kituo: nyumba ya wageni, mazizi ya farasi wa kubadilisha, bafu, maduka mawili matatu. Kituo kikakua kikawa kijiji. Kisha kikafa na kufunikwa. Leo juu yake kuna vitongoji. Watu wanaegesha magari na kufuga paka bila kujua wamelalia nini. Chuo kimoja cha huko kilikuwa na picha za angani nyingi kuliko wataalamu wake, kikazigawa kwa vikundi vya kujitolea katika nchi mbalimbali. Darasa la watu wazima la Mwalimu Susan, linalokutana katika shule moja ya Richfield, likapata kipande chake. Kwa misimu miwili ya baridi mfululizo watu kumi na wawili wamekuwa wakikitafuta kijiji cha Warumi huku theluji inaanguka nje. Leo walitakiwa kupiga kura na kuandika barua. Kila kikundi kilikuwa na haki ya kupendekeza kiwanja kimoja tu; wakati wa kiangazi wataalamu wangekwenda hapo na mashine ya kupima chini ya ardhi. Kiwanja kimoja. Ukikosea, umekosea.

Mwanzoni kazi ilionekana imekwisha kabla ya kuanza. Kulikuwa na orodha ya zamani ya barabara. Jina la kituo lilikuwa limeliwa na wadudu, lakini namba zilibaki: kutoka lango la mji mpaka kituoni, maili tisa, kutoka kituoni mpaka daraja la mto, maili tano. Lango lipo hadi leo, na misingi ya daraja ipo. Tena lilikuwepo jiwe la maili la Warumi lenye namba tisa, limesimama katika msingi wake wenyewe, kwenye kona karibu na kituo cha mafuta. Jiwe linasema tisa, orodha inasema tisa. Nani abishe?

Mzee Vedasto alibisha. Alipima barabara ya kale kwa uzi na rula, kisha kwa kompyuta ya maktaba, kisha kwa uzi tena kwa sababu hakuiamini kompyuta. Kutoka langoni mpaka kwenye jiwe alipata maili nane na nusu za Kirumi. Kutoka kwenye jiwe mpaka darajani, tano na nusu. Jumla ilikuwa kumi na nne kamili, kama orodha ilivyotaka. Barabara haikuwa na kosa. Lililokuwa na kosa ni jiwe: lilikuwa limesimama nusu maili kabla ya mahali pake.

Ukisonga mbele hiyo nusu maili, unavuka bonde ambalo leo ni uwanja wa magari wa duka kubwa, lakini ramani za zamani zinaonyesha kinamasi. Ng'ambo ya kinamasi ardhi inapanda, na juu yake kuna shule yenye kiwanja cha mpira. Katika picha moja ya kiangazi kikavu, majani ya kiwanja hicho yamekauka kwa mistari iliyonyooka, kama yanavyokauka juu ya kuta zilizofukiwa. Vyumba vinne vimepangana, kama vya nyumba ya wageni.

Wiki mbili nyuma aliyaeleza hayo yote. Mwalimu Susan, mama wa Kimarekani mwenye mvi, mpole lakini hababaishwi, akamuuliza swali moja: "Warumi walikuwa watu wa vipimo, Vedasto. Kwa nini wapande jiwe lao nusu maili kabla?"

Akajibu, "Mwalimu, nitafikiri."

Huo ulikuwa uongo. Hakuhitaji kufikiri. Alijua jibu kuliko mtu yeyote aliyekuwa chini ya paa lile, na alijua ni nani angelisikia.

Mwaka wa sabini, kabla barabara za nyumbani hazijahamia kilomita, Vedasto alikuwa kijana wa miaka ishirini, mshika mnyororo wa wapima ardhi, Bukoba. Mnyororo wa kupimia una futi sitini na sita. Ukiulaza mara themanini umepata maili. Walikuwa wakipanda nguzo za zege kando ya barabara mpya ya udongo, moja kila maili. Nguzo ya tisa iliangukia ng'ambo ya kinamasi, kwenye mwinuko wenye kijiji kikubwa. Bwana mpima alikuwa amelala mjini na homa, akamwachia Vedasto daftari na vibarua watatu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Walikuwa wamelaza mnyororo mara arobaini tangu nguzo ya nane walipofika ukingo wa maji. Tuta la barabara lilikuwa limekatika, gari halipiti. Nguzo ingebebwa mabegani mpaka ng'ambo, na mnyororo ungelazwa matopeni mara nyingine arobaini. Vedasto aliwatazama vibarua wanavyotetemeka, akaitazama mikono yake mwenyewe. Akasema, "Chimbeni hapa." Kisha akaandika daftarini: minyororo themanini.

Miaka miwili baadaye mkoa ulipanga kujenga zahanati. Waraka ulisema ijengwe Maili Tisa, maana yake kile kijiji cha ng'ambo. Mafundi walikuja na lori kutoka mjini, wakaiona nguzo, wakajenga penye nguzo. Duka likafuata, likafuata soko, na mahali ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja pakaitwa Maili Tisa. Kijiji kikabaki ng'ambo na kinamasi katikati. Vedasto alipita pale kwa basi mwaka wa sabini na sita, akaona kina mama wanavyotoka majini na watoto mgongoni wakielekea zahanati. Akageuza uso upande wa pili wa basi.

Hakumwambia mtu. Alisoma masomo ya jioni, akamaliza kidato cha nne akiwa na miaka thelathini na minane, akapanda cheo, akawa mtu wa kuheshimiwa kwa usahihi wake. Hata huku Minnesota, Watanzania humwita Mzee Vipimo. Kwenye harusi humpa yeye kazi ya kupanga meza. Kila anapopewa sifa hiyo hukumbuka mstari mmoja wa daftari.

Na kama hiyo haikutosha, Mungu akamleta Melkiori.

Honi ililia nje saa tatu na nusu. Melkiori alikuwa mtu wa miaka hamsini na moja, ana digrii ya misitu na anaendesha basi la abiria pale uwanja wa ndege. Kwao ni kile kijiji cha ng'ambo. Miaka kumi na moja amekuwa akimbeba Mzee Vedasto kanisani, hospitali na sasa darasani, bila kuombwa, akimwita Ta, kama Wahaya wanavyomwita mzee wa kuheshimiwa. Aliingia darasa la Mwalimu Susan kwa sababu alichoka kumngoja garini.

"Ta Vedasto! Umevaa na tai? Leo tunawazika Warumi au tunawaoza?"

"Endesha gari."

"Mimi kura yangu nimeshaiamua, usinishawishi. Napigia jiwe. Mtu wa Maili Tisa hawezi kulisaliti jiwe la tisa. Nyumbani watanifukuza ukoo."

"Wewe hukuzaliwa Maili Tisa."

"Haya, umenipata. Nilizaliwa njiani." Akacheka, akaanza ile hadithi yake, ambayo haikosekani kwenye ubatizo wala kwenye kipaimara. "Mama anakimbizwa zahanati kwenye machela, mvua hiyo, maji yamejaa. Mimi huko ndani nikauliza, jamani, bado mbali? Wakasema bado. Nikaona potelea mbali, nikashuka kabla ya kituo! Nilitua majini kama kambare."

Siku zote Mzee Vedasto hucheka hapo. Mengine Melkiori huyasema mara chache, tena kwa sauti nyingine: kwamba mama yake hakuzaa tena baada ya siku hiyo, na kwamba tangu wakati huo hutembea ameinama upande mmoja. Yuko hai, ana miaka themanini na mmoja.

"Mbona hucheki?" Melkiori aliuliza.

"Jino."

Theluji ya mwezi wa pili ilikuwa imelala kando ya barabara, nyeusi kwa moshi wa magari, imechoka kama kila mtu. Mzee Vedasto alihesabu taa za barabarani mpaka shuleni.

Darasani kulikuwa na joto na harufu ya kahawa. Mwalimu Susan alikuwa amebandika ramani ukutani na duara mbili nyekundu, moja kwenye jiwe na moja kwenye kiwanja cha shule. Kerubo, muuguzi wa Kikenya ambaye huja darasani na chakula chake cha kazini kabisa, alikuwa ameketi mbele. Yeye ndiye aliyekuwa ameona mistari miwili hafifu karibu na jiwe, na ndiye aliyeongoza upande wa jiwe.

"Mzee, habari ya asubuhi," Kerubo alisema kwa Kiswahili. "Leo tusikae sana na story. Tu-vote tu, mimi nina shift saa nane."

"Utawahi shift yako, dada."

Mwalimu Susan alisema maneno machache ya kumuaga Mzee Vedasto, kwa kuwa anahama, watu wakapiga makofi. Kisha akasema, "Vedasto, nilikuuliza swali wiki mbili zilizopita. Unalo jibu?"

Mzee Vedasto alisimama. Magoti yalimuuma. Kiingereza chake ni kile cha masomo ya jioni, kila neno limepigwa pasi kabla halijatoka, na siku hiyo aliyatoa maneno moja moja.

"Mwalimu, jibu ninalo. Jiwe limepandwa nusu maili kabla kwa sababu waliolipanda walichoka."

Watu wachache walicheka kwa upole, wakidhani ni utani.

"Tazameni ramani ya zamani," aliendelea. "Jiwe liko hatua thelathini kutoka ukingo wa kinamasi, upande wa mjini. Mkokoteni uliolileta ulitoka mjini. Ulifika majini ukashindwa. Mbele kulikuwa na matope nusu maili, na jiwe zito, na jua au mvua, sijui. Msimamizi hakuwepo. Wakalipanda walipofika, wakaandika tisa."

"Sasa hiyo umejuaje, mzee?" Kerubo aliuliza, safari hii kwa Kiingereza ili wote wasikie. "Mistari yangu iko kwenye picha. Hiyo yako ni ya kubuni."

"Nimejua kwa sababu na mimi nilifanya hivyo."

Hakumtazama Melkiori. Aliitazama duara nyekundu ukutani na kusema yote: mnyororo, mvua, bwana mpima na homa yake, vibarua watatu, mara arobaini badala ya themanini. Aliutaja mwaka. Akaitaja barabara. Alipolitaja jina la mahali, kiti kilisogea nyuma yake.

"Maili Tisa ipi?" Melkiori alisema kwa Kiswahili.

"Hiyo hiyo."

"Ta Vedasto. Zahanati ipo pale kwa sababu ya nguzo ile."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ilipojengwa."

Wengi darasani hawakujua Kiswahili. Hawakuelewa maneno, lakini walikuwa watu wazima, na watu wazima huelewa sauti. Melkiori alisimama, akakosa mkono wa koti mara mbili kabla ya kuupata.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Miaka kumi na moja nakusimulia, na wewe unacheka."

Akatoka. Mlango ulijifunga wenyewe taratibu, kama milango ya shule inavyojifunga.

Mwalimu Susan alimsogezea Mzee Vedasto kiti, naye akakikataa. Alikuwa amekwisha kusema lililo gumu. Kukaa sasa kungekuwa kama kuomba ahurumiwe. "Mwalimu, tuendelee," alisema. "Dada yangu Kerubo ana swali."

Kerubo hakuwa na haraka tena. Alikuwa amesimama mbele ya ramani, kidole kwenye jiwe. Akapima kwa kidole mpaka kwenye ukingo wa kinamasi, akarudia. "Hatua thelathini," alisema. "Na total ni kumi na nne bila kuzidi." Akashusha pumzi. "Nyumbani kwetu Kisii kuna shule ya msingi iko mahali ambapo lori la mawe lilikwama. Walisema watasukuma kesho. Ile shule iko pale mpaka leo. Watoto wanapanda mlima mwaka wa arobaini huu."

"Basi unajua," Mzee Vedasto alimwambia.

"Nilikuwa najua, sema sikutaka kupoteza mistari yangu."

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Kiwanja cha shule kilipata kura nane, jiwe kura tatu. Mwalimu Susan aliandika barua pale pale kwenye kompyuta yake na kuisoma kwa sauti. Alipofika mahali pa sababu aliandika kwamba pendekezo linatokana na vipimo na uzoefu wa kazini wa Bwana Vedasto, mpima ardhi mstaafu wa Tanzania.

"Futa hapo," alisema Mzee Vedasto.

"Wapi?"

"Uzoefu. Andika kosa."

Susan alirudisha kidole kwenye lile neno. Kisha akafuta, akaandika alivyoambiwa.

Mzee huyu alikuwa amewaza juu ya dakika hiyo kwa baridi mbili. Aliwaza jinsi jina lake litakavyosomwa chuoni kule, na wataalamu watakavyoulizana huyu ni nani. Sasa jina limeandikwa, barua imekwenda, na alichohisi ni magoti yake tu. Watu walimpa mkono mmoja mmoja. Kerubo alimpa na chapati mbili katika karatasi ya foili, akamwambia asizikatae kwa sababu hana nguvu za kubishana na mzee mara mbili kwa siku.

Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Alidhani hatakuta mtu. Alikuwa ameshapanga kutembea mpaka kituo cha basi, taratibu, kwa kingo za theluji. Lakini gari la Melkiori lilikuwa pale pale, injini inaunguruma, vioo vimejaa ukungu. Mlango wa abiria ukafunguliwa kwa ndani.

"Ingia, mzee. Siwezi kukuacha ugande, Redempta atanishtaki."

Hakusema Ta. Mzee Vedasto aliingia, akafunga mkanda. Gari halikuondoka.

"Nilitaka kukuambia siku ya kwanza," alisema. "Ile siku uliyonichukua kanisani. Ukasimulia kabla hatujafika hata kwenye taa."

"Na?"

"Ukacheka, nikacheka. Nikajiambia wiki ijayo."

"Wiki ijayo." Melkiori alifuta kioo cha mbele kwa kiganja, bila sababu, hakuwa anaenda popote. "Unajua kinachoniuma? Si nguzo. Ulikuwa kijana, mvua, bosi hayupo, ningekuwa mimi labda ningeitupa majini kabisa. Kinachoniuma, mimi nimekuwa nikimlaumu mtu mwingine. Baba yangu. Maisha yangu yote najua baba alichelewa kumtoa mama nyumbani. Watu walisema hivyo. Zahanati iko karibu, walisema, nusu maili na kidogo, yeye alichelewa. Baba amekufa akijua kwamba nami namdhania hivyo."

Melkiori alitoa simu. "Kule sasa hivi ni saa tatu usiku. Mama hajalala, anasali mpaka saa tatu na nusu. Utamwambia mwenyewe."

"Melkiori."

"Mwenyewe. Mimi siwezi kulibeba hili nikampelekee. Nimebeba ya kutosha."

Simu iliita mara sita. Sauti ya mama mzee ikajaa garini, karibu mno, kama amekaa kiti cha nyuma. Alisalimia kwa Kihaya, akauliza habari ya kila mtu wa nyumba ya mwanawe, akauliza baridi, akauliza kazi. Melkiori alijibu yote kwa utulivu, kisha akasema, "Mama, kuna mtu hapa. Ta Vedasto, yule mzee wa kwetu ninayekusimulia. Ana neno." Akaiweka simu juu ya goti la Mzee Vedasto.

Alimwambia. Kihaya chake kilikuwa chepesi kuliko Kiingereza cha darasani, na kwa sababu hiyo kilikuwa kigumu zaidi. Hakikuwa na mahali pa kujificha. Hakusema habari za Warumi. Alisema habari za nguzo, za mvua, za daftari. Alisema kijiji chao ndicho kilichotakiwa kupata zahanati, nayo ikawekwa upande usio wake kwa sababu yeye Vedasto alichoka siku moja ya mwaka wa sabini. Alisema mume wake hakuchelewa.

Upande wa pili alisikia redio ya jirani kwa mbali, na mtu anakohoa.

"Alikuwepo mpima mkubwa?" mama yule aliuliza.

"Alikuwa mgonjwa. Lakini aliyesema chimbeni ni mimi."

"Ulichoka."

"Nilichoka, Ma."

"Siku ya mwanangu walinibeba watu wanne," mama alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Maji yalikuwa hapa kiunoni. Tulipofika katikati nikawaambia mtoto anakuja. Hapakuwa na pa kuniweka. Walisimama. Walishika machela mabegani, wamesimama ndani ya maji, tangu jogoo la pili mpaka jua limetoka. Walikuwa wanalia kwa uchovu, nawasikia. Hakuna aliyeshusha."

Mzee Vedasto aliinamisha kichwa. Melkiori alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanatikisika kidogo.

"Mimi sina ugomvi na wewe," mama alisema. "Mimi nilikuwa nimelala, wenzangu ndio walioshika. Wawili wamekufa. Wawili wapo, wazee kama wewe, mmoja yuko Muleba kwa mkwewe, mmoja yuko hapa hapa kijijini. Wapigie na wao uwaambie kama ulivyoniambia. Namba zao nimeandika ukutani. Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Subiri nichukue taa."

Alipapasa mfukoni akapata kalamu, akakosa karatasi, akachukua ile foili ya chapati za Kerubo, haikushika wino. Melkiori, bila kugeuka, akampa risiti ya mafuta. Mama alirudi, akaanza kusoma namba polepole, tarakimu moja moja, naye akaandika juu ya goti, macho yanamwagika maji kwa baridi na kwa dawa na kwa mengine.

"Soma nikusikie," mama alisema.

Akasoma.

"Umekosea. Baada ya saba ni sita. Andika tena."

Akaandika tena.